Rangi ya Maziwa na Samawati

Kiswahili chetu, pamoja na utajiri wake wote, kimezipa rangi tatu tu haki kamili ya kisarufi. Nyeupe, nyeusi na nyekundu huambatana na nomino kama jamaa wa damu: nguo nyeupe, kiti cheupe, ukuta mweupe, mawe meupe. Rangi nyingine zote ni wapangaji. Kijani tumekikopa kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa bizari ya jikoni, na samawati kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo ni la mbingu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu juu ya majina ya rangi katika lugha za dunia, wakaeleza kwamba lugha yenye majina matatu tu ya asili huwa na hayo hayo matatu: la weusi, la weupe na la wekundu. Sina ugomvi nao. Ila nilipotakiwa kumchagulia mama rangi ya chumba chake, niliona jinsi lugha inavyoweza kumwacha mtu njiani. Chumba cheupe nakijua. Lakini chumba cha rangi ya maziwa? Hapo inabidi kwanza umtafute ng'ombe, na kila mtu ana ng'ombe wake.

Mgogoro wetu ulikuwa kati ya rangi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya maziwa, ambayo mafundi huiita krimu. Ya pili ni samawati iliyopauka, inayokaribia anga la saa mbili asubuhi. Mimi nilisimama na maziwa. Dada yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alisimama na samawati, naye si mtu wa kusimama na kitu nusu nusu. Mdogo wetu alisema yoyote ile, mradi aambiwe mchango wake ni kiasi gani. Kila familia ina mtu wa namna hiyo, na Mungu ambariki.

Chumba chenyewe kimo katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, mojawapo ya zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia. Dirisha lake linaelekea kaskazini. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, na miezi iliyobaki hupita kusini. Kwa hesabu ya karatasi, basi, chumba cha mama kingepata jua miezi saba kwa mwaka. Lakini karatasi haimjui jirani. Ukuta wa jirani uko hatua mbili na nusu kutoka dirishani, wa matofali ya saruji yasiyopigwa lipu, na mwanga wote unaoingia kwa mama hufika ukiwa umekwisha kugonga ukuta ule kwanza. Ni mwanga wa mitumba.

Nyuma ya suala la rangi kulikuwa na jingine ambalo hakuna aliyelitaja kwa jina lake. Mama alikuwa na miaka 74, mjane, akiishi na mjukuu mmoja anayesoma sekondari. Alikuwa ameanza kujikwaa. Alimimina chai kando ya kikombe. Alimpita shoga yake barabarani bila salamu, shoga akanuna wiki nzima. Dada alitaka ahamie kwake Dar es Salaam. Mama alisema hawezi kuiacha nyumba aliyoijenga na mumewe akaenda kukaa ghorofani kuhesabu magari. Ikakubaliwa, kama watu wanavyokubaliana jambo dogo ili wakwepe lile kubwa, kwamba chumba kitengenezwe kiwe na mwanga, halafu tuone. Msomaji aliyewahi kukaa katika kikao cha familia anajua uzito wa hiyo "halafu tuone".

Sababu ya dada ilikuwa kumbukumbu. Tulipokuwa wadogo kuta za nyumba ile zilipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Idi, na ndani ya ndoo ya chokaa baba alitia buluu ya kufulia, akakoroga kwa kijiti mpaka ikatoka samawati hafifu. Kwa dada, hiyo ndiyo rangi ya nyumbani, na rangi nyingine yoyote ni ya nyumba ya wageni.

Sikuibeza hoja hiyo, kwa kuwa chokaa na buluu ni ndoa ya watu wenye akili. Tanga haina dhiki ya chokaa. Mji wetu umekalia mawe hayo, na mapango ya Amboni yaliyo mwendo mfupi kutoka mjini yamechimbwa na maji ndani ya mwamba wa namna hiyo. Jiwe la chokaa huchomwa kwa moto wa kiasi cha nyuzi 900 za sentigredi, likatoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali. Ukiimwagia maji huchemka yenyewe na kutoa mvuke mpaka watoto wakimbie. Ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ya ukaa, polepole, ikarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo anayepaka chokaa anauvisha ukuta ngozi nyembamba ya jiwe. Buluu nayo ina historia ya ajabu. Hapo kale wachoraji wa Ulaya waliinunua kwa bei ya kushindana na dhahabu, kwani ilisagwa kutoka jiwe la thamani lililochimbwa Afghanistan. Mwishoni mwa miaka ya 1820 Wafaransa na Wajerumani wakapata njia ya kuitengeneza kiwandanini bila jiwe lile, na bei ikaporomoka hadi buluu ikafika katika beseni la dobi. Haiharibiwi na ukali wa chokaa kama rangi nyingine zinavyoharibiwa. Tena ina kazi ya siri: kitu cheupe kilichoanza kuingia umanjano, ukikitia buluu kidogo, jicho hukiona cheupe zaidi.

Sababu yangu mimi ilikuwa mwanga tu. Rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia. Rangi ya maziwa haiko mbali na hapo. Samawati, hata iliyopauka, hula zaidi, na kadiri inavyokolea ndivyo inavyozidi kula. Tena katika chumba mwanga haugongi ukuta mara moja ukaisha. Huruka kutoka ukuta huu hadi ule, ukaenda darini, ukarudi, na kila ukuta unakata ushuru wake. Tofauti ndogo kwenye kadi ya dukani huwa tofauti kubwa ikishazunguka kuta nne, hasa katika chumba ambacho mwanga wake ni haba tangu mwanzo.

Mtu atauliza kwa nini hatukupaka nyeupe tukamaliza maneno. Nyeupe ya siku hizi si ya chokaa. Weupe wa kopo hutokana na madini ya titani, ambayo katika karne ya 20 yalichukua nafasi ya weupe wa risasi uliotumiwa kwa karne nyingi na kudhuru watu wengi. Majirani zetu wa Kwale, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, walikuwa na mgodi wa mchanga wa madini hayo uliofanya kazi tangu 2013 hadi 2024. Ni weupe mkali usio na huruma. Katika chumba chenye mwanga mwingi huumiza macho, na katika chumba chenye mwanga hafifu hugeuka kijivu pembezoni, kama shati lililofuliwa kwa haraka. Juu ya hilo mimi na dada hatukupingana, na yafaa niliandike kwa kuwa ni nadra.

Fundi wetu, mtu mzima wa Makorora mwenye maneno machache, alikataa katakata kupaka majaribio ukutani. Alileta vipande viwili vya plaiwudi, kila kimoja kama mita moja kwa mita moja, akavipaka mara mbili mbili na kuviacha vikauke usiku kucha, maana rangi ya maji ikikauka hukolea kuliko inavyoonekana kopo likiwa wazi. Ukipaka alama ndogo juu ya rangi kuukuu, alisema, ile kuukuu itakudanganya. Jambo hilo ndilo lililompa sifa mwanakemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyekabidhiwa mwaka 1824 kazi ya kusimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya kutundika. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi hazikukolea. Alipochunguza aliona nyuzi hazina ila. Zilififishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima juu ya namna rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Fundi wetu alilimaliza kwa neno moja: "Rangi ina majirani, kaka."

Siku tatu nilivihamisha vipande vile kutoka ukuta hadi ukuta. Saa moja asubuhi maziwa ilishinda bila ubishi. Ule mwanga wa kijivu wa kwa jirani ulipoigusa ulipata uhai, ilhali juu ya samawati ulikufa. Saa nane mchana, katika joto la Februari ambalo mtu wa Tanga halihitaji kuelezwa, samawati ilishinda. Watu husema buluu hupoza chumba. Kipimajoto hakijali buluu wala nyekundu, lakini mwili una hesabu zake, nami niliposhinda nimekaa mbele ya kipande kile nilihema vizuri zaidi. Usiku zote mbili zilishindwa, na aliyezishinda ni balbu. Taa zinazojaa madukani ni zile nyeupe kali zilizoandikwa 6500K ubavuni. Namba hiyo ikipanda, mwanga huelekea ubuluu, na ikishuka huelekea umanjano. Chini ya balbu ile maziwa ilionekana kama maziwa yaliyochacha, na samawati ikawa baridi kama sakafu ya hospitali. Nilibadili nikaweka ya 2700K. Maziwa ikarudi kuwa maziwa, samawati ikaangukia kijivu. Tangu hapo mtu akiniuliza rangi gani apake, humwuliza kwanza ana taa gani. Balbu ni bei ya soda chache, na rangi ya chumba ni mshahara wa watu.

Ni fundi aliyeona jambo ambalo vipande vya plaiwudi visingeweza kulionyesha. Alikuwa akiuandaa ukuta, akikwangua kwa maji na wala si kwa msasa mkavu, kwa sababu rangi za mafuta za zamani, hasa za miimo ya milango, mara nyingi zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Aliniita. Kutoka kitandani hadi mlangoni, kimo cha kiuno, palikuwa na mstari wa weusi wa mafuta mafuta, upana wa kiganja.

"Huu si uchafu wa watoto," alisema. "Mtoto hushika kila mahali. Huu ni mkono mmoja na njia moja."

Mstari ulipita juu ya swichi, ukazunguka mwimo wa mlango, ukatokea ukumbini na kufuata ukuta hadi uani, kilipo choo.

Jioni hiyo tulimsimamisha mama mbele ya vipande viwili, dirisha wazi, taa imewashwa. Dada alikuwa kwenye simu, sauti ameifungulia chumba kizima. Nikasema, "Mama, chagua wewe. Hii au hii?"

Mama aliangalia kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha akauliza, "Kwani ziko mbili?"

Simu ikanyamaza.

Kwake yeye zote mbili zilikuwa chokaa ya mwaka jana. Moja labda yenye kivuli. Alisema hivyo bila huzuni, akashangaa kwa nini tumekaa kimya.

Mtoto wa jicho ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani, na ubaya wake ni upole wake. Haumi. Lenzi ya jicho, ambayo ujanani ni angavu kama maji, huingia ukungu na umanjano mwaka hadi mwaka, ikawa kama mtu amevalishwa miwani ya rangi ya chai ambayo kila siku inaongezwa majani. Mwanga wa buluu ndio huzuiwa kwanza. Mwenye jicho hajui, kwa kuwa hana pa kulinganishia. Claude Monet, mchoraji Mfaransa aliyeishi kwa rangi, alipatwa nao, na picha zake za uzeeni zikaingia wekundu na uhudhurungi. Alipopasuliwa jicho moja mwaka 1923 alilalamika kwamba sasa anaona kila kitu buluu kupita kiasi. Siku zake walitoa lenzi mbovu na kumpa mtu miwani minene. Lenzi ya bandia ya kuwekwa ndani ya jicho ilianza mwaka 1949, alipoiweka daktari Mwingereza Harold Ridley huko London, naye alipata wazo hilo kwa kuona kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za vita, vilipoingia machoni mwa marubani, havikuleta uvimbe.

Mama alipasuliwa jicho la kulia kwanza, asubuhi, bila kulazwa usingizi. Kesho yake bandeji ilipotolewa alimtazama muuguzi akamwambia, "Umevaa gauni zuri." Akanigeukia mimi akasema nimezeeka.

La kushoto lilipangiwa majuma kadhaa baadaye. Katika majuma hayo mama yangu alikuwa mtu mwenye vyumba viwili ndani ya kimoja. Aliketi kitandani akafumba jicho hili, akafumbua lile, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. "Hili laona karatasi," alisema akigusa la kulia. "Na hili laona chai ya maziwa." Karatasi na chai ni ukuta mmoja. Alitoa sanduku la kanga akazipitia moja moja. Ilikuwako kanga ambayo dada alimletea miaka mitatu nyuma, naye hakuivaa hata mara moja, akidhani ameletewa nyeusi kama kaniki, akanyamaza asimvunje mtoto moyo. Kumbe ni buluu, buluu ya bahari ya kina, na pindo lake jeupe. Aliivaa siku nne mfululizo.

Fundi alikuja kuuliza kazi. Mama akamwambia, "Subiri, mwanangu. Nachagua kwa macho mawili." Fundi akaweka ngazi yake uani, akaenda kutafuta vibarua vingine. Mimi na dada nasi ikabidi tusubiri, hoja zetu mkononi, kama watu waliofika mahakamani wakakuta hakimu yuko likizo.

Macho yote mawili yalipokuwa tayari, tulimletea tena vipande vyetu. Safari hii hakuuliza kama viko viwili. Samawati aliitazama sana. Akasema inampigia kelele, jambo ambalo daktari alituonya: aliyezoea dunia ya chai miaka kumi huona buluu kama tarumbeta mpaka ubongo uzoee. Dada, simuni, akamkumbusha chokaa ya baba. Mama akacheka. "Baba yenu alitia buluu kwa kuwa chokaa ile ilikuwa ya manjano," alisema. "Angepata nyeupe asingetia kitu. Buluu ilikuwa ya kuficha, mama."

Alichagua maziwa, lakini si kwa sababu zangu. Hesabu yangu ya asilimia na ushuru wa kuta aliisikiliza mpaka mwisho, akasema ni sawa, kisha akaeleza lake: juu ya maziwa mbu anaonekana. Kwenye samawati, jioni, mbu hupotea. Alikuwa amekwisha kufanya jaribio lake mwenyewe, kwa kandambili, na kipande cha plaiwudi kilikuwa na ushahidi.

Mlango ndio aliotaka wa samawati, ila siyo hiyo yetu ya maji maji. Fundi alirudi dukani wakaongeza matone ya buluu mara tatu, mpaka ikafika kwenye kanga. Miimo ya mlango ikapakwa hiyo hiyo, na kizingiti, ambacho amekigonga kwa kidole mara nyingi kuliko alivyotuambia, kikapakwa hudhurungi ya kukolea. Kuzunguka swichi fundi aliweka fremu nyembamba ya buluu. Jicho la mzee, hata lililopona, hukitafuta kitu kwa tofauti yake na kilicho nyuma yake. Swichi nyeupe juu ya ukuta mweupe ni sawa na kutokuwa na swichi.

Sasa ni mwezi wa saba tangu rangi ile ikauke. Ukuta wa kutoka kitandani hadi mlangoni ni msafi, na rangi ya maziwa ni rangi isiyoficha mkono. Habari ya kuhamia Dar es Salaam haijatajwa tena.

Dada alikuja Idi. Alisimama katikati ya chumba akageuka polepole, akaupitia ukuta kwa ncha ya kidole, akafika mlangoni na kusimama hapo muda mrefu.

"Hii siyo samawati niliyosema," akasema.

"Siyo," mama akajibu. "Hii naiona."

Wakaanza kubishana juu ya pazia.